Chombo cha Kutupwa Kina Kwao?

Mtu aingiapo dukani Kariakoo kununua sahani za karatasi, vikombe vyepesi na vijiko vya plastiki kwa ajili ya arusi ya binti yake, hufikiri mambo matatu: bei, idadi ya wageni, na rangi. Wako wachache wafikirio na jambo la nne. Hawa huugeuza mfuko, hutafuta maandishi madogo upande wa chini, kisha humwuliza mwenye duka: Zimefanyizwa wapi? Zipo za kwetu? Mwenye duka aghalabu hajui, na mara nyingine hucheka, maana kitu kitakachotumika kwa mlo mmoja huonekana hakistahili kuulizwa nasaba. Mimi naliona swali hilo kuwa la heshima. Mwenye kuuliza ataka fedha yake, hata ile ndogo iendayo katika kitu cha saa moja, imfikie mtu wa nchi yake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hapana sababu ya kumnyima mfanyaji wa sahani tuzo apewalo mcheza ngoma. Walakini swali jema laweza kuulizwa kabla ya wakati wake. Nataka kupeleleza kama chombo kilichofanywa ili kitupwe chaweza kuwa na kwao hata kidogo, na ikiwa chaweza, huo ukwao wake ni wa namna gani.

Wema wa kununua cha nyumbani haukuanza jana. Katika Bengali mwaka 1905 watu walisusia nguo za Uingereza, na baadaye Gandhi akaufanya uzi usokotwao nyumbani kuwa wajibu wa kila siku. Hapa Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilifundisha kujitegemea, na mwaka uliofuata kiwanda cha Urafiki kikaanza kufuma nguo katika Dar es Salaam. Lakini angalia kitu ambacho mafundisho hayo yalikishika mkononi. Ni nguo. Nguo huvaliwa, hufuliwa, hutiwa kiraka, hurithiwa. Khanga ya mama huonekana begani mwa binti miaka 20 baadaye. Mvaaji huishi na kazi ya mfumaji. Mlaji wa sahani ya karatasi haishi nayo; hukutana nayo kama abiria akutanavyo na abiria wa kituo kimoja, wakaachana bila kuulizana majina. Kwa hiyo hoja ya nguo haiwezi kuhamishwa nzima mpaka kwenye sahani.

Hata neno lenyewe, kufanyizwa kwetu, si jepesi. Wamarekani, ambao ndio hasa waliovieneza vyombo hivi, wamelifanya swali la asili kuwa swali la sheria. Kwa kanuni iliyotolewa 2021, mwuzaji haruhusiwi kudai bila kuweka mpaka kwamba bidhaa yake imefanyizwa Marekani, ila kama yote, au karibu yote, ni ya huko. Mwaka 2025 wakaweka ushuru wa ziada juu ya sahani za karatasi zitokazo China, Thailand na Vietnam, baada ya wenye viwanda wa kwao kulalamika kuwa zauzwa kwa bei isiyo ya haki. Ungedhani kwa ulinzi kama huo swali limekwisha. Halikwisha. Katika jimbo la Maine, mwanzoni mwa karne ya 20, Martin Keyes alianza kufanyiza sahani kwa rojo la mbao. Husimuliwa kuwa wazo hilo alilipata kwa kuwaona wafanyakazi wakila chakula cha mchana juu ya vipande vyembamba vya mbao vilivyosalia kiwandani. Sahani za namna hiyo zimeendelea kufanyizwa Maine mpaka katika karne yetu, na mikono ni ya watu wa Maine, lakini kampuni iliyokuja kukimiliki kiwanda ni Huhtamaki ya Finland. Sahani hiyo ni ya nani? Ya mwenye mikono, ya mwenye mali, au ya mwenye msitu?

Kwetu hesabu hii ni ngumu zaidi. Afrika Mashariki haina kiwanda cha kugeuza mafuta kuwa plastiki. Chembechembe ambazo kijiko chetu huyeyushwa kutoka kwazo huja kwa meli, na mashine ya kukikandamiza aghalabu imekuja kwa meli vilevile. Hata kikombe kiitwacho cha karatasi hupakwa utando mwembamba wa plastiki ndani yake, maana karatasi tupu hunywa chai kabla ya mnywaji. Kilicho chetu katika kijiko hicho ni kazi ya zamu moja, umeme wa bwawa letu au wa gesi yetu, na kodi. Sisemi haya kwa kukidharau. Kijana asimamaye mbele ya mashine ile usiku kucha akapeleka mshahara kwa mamaye hakufanya kazi ya nusu kwa sababu chembechembe zilitoka mbali, na wala jasho lake si la kigeni. Nasema tu kwamba ukiutafuta ukwao wa chombo cha kutupwa katika kuzaliwa kwake peke yake, utaupata kipande kipande, na kipande kikubwa kitakuwa kwingine.

Tena umo ushahidi ulio karibu nasi wa kwamba kuzaliwa nyumbani si utetezi wa kutosha. Kenya ilipokataza mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mingi katika mifuko ile ilikuwa imefanyizwa Kenya, na wenye viwanda walilia, kwa haki, kuwa watu watapoteza kazi. Tanzania bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Mfuko ulihukumiwa kwa mwisho wake, si kwa mwanzo wake. Mto uliozibwa hauulizi kilichouziba kimetoka Mombasa au Shanghai, na ng'ombe aliyemeza mfuko hapati nafuu kwa kuwa ni wa nchi yake. Nami huona ajabu kuwa kanuni zetu za 2019 zilikamata mfuko wa kubebea, zikaiacha sahani ipite, ingawa wote wawili hulala katika mtaro mmoja Msimbazi ufurikapo. Kenya ilikwenda hatua moja mbele tarehe 5 Juni 2020, ilipopiga marufuku plastiki za kutumika mara moja, sahani, vikombe na vijiko vikiwamo, katika hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa. Mwenye karamu ufukweni alijifunza siku hiyo kuwa pana mahali ambapo sahani haina ruhusa hata kama ina kwao.

Sasa nije kwenye mfano ambao kwangu ndio uzito wa maneno haya yote. Katika makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na katika magofu mengine ya pwani, wazee walitia sahani na vibakuli vya Kichina ndani ya chokaa ya nguzo na kuta. Vingi vimebanduliwa, vingine vimevunjika, na mahali pengine pamebaki duara tupu kama jicho lililong'olewa. Lakini duara lenyewe lashuhudia. Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 aliokota vigae vya kauri ya Kichina katika nyumba na misikiti. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, safu kwa safu, ambamo sahani ziliwekwa zionekane. Vyombo hivi havikufinyangwa hapa. Udongo wake ni wa ng'ambo, tanuri lake ni la ng'ambo, na fundi aliyevitia rangi ya samawati hakupata kulisikia jina la Kunduchi. Hata hivyo nani leo atasema kuwa si vya pwani? Vilivuka bahari mara moja tu. Vikakaa. Vikapakuliwa wali wa vizazi, vikahesabiwa katika mirathi, mwisho vikawekwa juu ya wafu kama neno la mwisho la heshima.

Kinyume chake ni sahani iliyotoka kiwandani Dar es Salaam jana asubuhi, ikaliwa pilau jioni, na usiku huu i katika gari liendalo jaani Pugu. Imezaliwa kwetu, lakini haikupata kukaa kwetu. Haina mtu aijuaye. Basi yatupasa kukiri kuwa ukwao wa chombo hutoka katika milango miwili: mlango wa kufanywa na mlango wa kutunzwa, na bakuli la mgeni lililotunzwa miaka 300 limekuwa mwenyeji kuliko sahani ya mwenyeji iliyotupwa kwa saa tatu. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Watu huisoma mithali hiyo kama onyo la kutoacha mke au rafiki kwa ajili ya mpya, na ni kweli. Mimi napenda kuisoma mara moja moja kama ilivyo, kuwa maneno yanayohusu mkeka.

Yumkini msomaji atapinga hapa. Atasema: Je, babu zetu hawakutupa? Walitupa, na upinzani huu ni mzuri kwa kuwa watupeleka mahali pa haki. Katika nchi za migomba, Bukoba na Buganda, jani la mgomba ni kifuniko cha chungu, ni meza, na ni sahani. Chakula hupakuliwa juu yake, na kikiisha jani hupewa mbuzi, au hurudishwa chini ya migomba likaoze na kulisha mgomba mwingine. Hapana chombo cha kutupwa kilicho cha nyumbani kuliko hiki. Hakioshwi, hakitunzwi, hakina nembo, wala mtu haandiki juu yake kimetoka wapi, kwa kuwa shina lake laonekana kutoka mlangoni. Uko basi mlango wa tatu, ambao naweza kuuita mlango wa kurudi. Jani halikai kwetu kama chombo, lakini halikimbii. Hubadilika sura likabaki katika shamba lile lile. Kwa jani, kutupa ni jina jingine la kurudisha. Sahani ya plastiki huitwa ya kutupwa kwa makosa ya lugha, maana haitupiki: hutoka machoni petu ikaenda kukaa machoni pa mtu mwingine, kwa kawaida maskini kuliko sisi, ambaye hakualikwa karamuni.

India yatupa funzo la kati, wala si funzo la furaha tupu. Huko wanawake wa misituni hushona majani ya msali kwa vijiti wakafanya sahani na vibakuli vya kuuza, na chai imenywewa kwa muda mrefu katika vikombe vidogo vya udongo ambavyo mnywaji huvitupa chini vikavunjika. Mwaka 2004 Lalu Prasad, waziri wa reli wa wakati ule, aliagiza vikombe hivyo vya udongo virudishwe katika steshini badala ya plastiki. Nia ilikuwa njema: mfinyanzi wa kijijini apate riziki kwa kila kituo cha treni. Lakini kikombe cha udongo ni kizito, ghali kuliko cha karatasi, na kila kimoja huchomwa kwa kuni au kwa mavi makavu. Na udongo uliochomwa haurudi kuwa udongo wa shamba upesi. Wenye kuchimba magofu wanajua jambo hilo vizuri, maana katika kisiwa cha Krete wameokota kwa maelfu vikombe vya udongo vya miaka 3,500 iliyopita ambavyo hudhaniwa vilitumika mara moja katika karamu vikatupwa. Uvivu wa kuosha una nasaba ndefu. India yenyewe ilikwenda mbali zaidi tarehe 1 Julai 2022, ikakataza sahani, vikombe, vijiko na uma za plastiki za kutumika mara moja nchini kote, na hapo jani lililoshonwa likapata soko lisilolitegemea huruma ya mnunuzi.

Nimesema uvivu wa kuosha, na neno hilo si la haki kwa watu wote. Vyombo hivi vina mashahidi wawili wa kweli wa kuvitetea, na mtu asiyewasikiliza hafai kuhukumu.

Shahidi wa kwanza ni afya. Kikombe cha karatasi hakikubuniwa kwa ajili ya anasa. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kikombe kimoja cha bati kilining'inizwa kwa mnyororo kwenye treni na visimani, na kila mtu alinywa humo, mzima na mwenye kifua kikuu. Lawrence Luellen alibuni kikombe cha karatasi mwaka 1907 ili kila mtu awe na chake, na mwaka 1909 jimbo la Kansas, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine, likapiga marufuku kikombe cha wote. Sisi tuliokulia penye mtungi mmoja na kata moja ya kifuu tunaijua habari hiyo bila kusimuliwa. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, sahani isiyotumika mara mbili ilikuwa ngao, na mtu aliyeitumia alifanya vema, iwe ya China au ya Chang'ombe. Lakini ugonjwa ni dharura, na dharura haifanywi desturi ya kila Jumamosi. Penye maji ya moto na sabuni shahidi huyu hunyamaza.

Shahidi wa pili hanyamazi upesi. Ni mwanamke aoshaye. Karamu ya watu 400 yataka sahani 400, na baada ya wageni kushiba na kuaga, na baada ya waume kuketi barazani kuhesabu gharama, wako wake wa jirani na wakaza wana wa nyumba ambao hukaa juu ya ndoo mpaka usiku wa manane, mikono katika maji ya mafuta. Katika msiba huosha mara tatu kwa siku, nao wamefiwa kama wengine. Kwa mwanamke huyu sahani ya kutupwa ilikuja kama barua ya uhuru. Sipendi kusikia mwanamume mwenye elimu akisifu sinia la kale na kuomboleza mila iliyopotea, ikiwa sinia hilo hajapata kulisugua hata siku moja. Mtu asemapo tutunze vyombo, lazima aseme pia ni nani atakayevitunza. Bila jibu hilo, utunzaji wote tuliousifu katika bakuli la Kunduchi ni sifa ya jasho la mtu asiyetajwa. Na hapana shaka bakuli lile nalo lilioshwa miaka 300 na mikono ambayo haikuandikwa katika kaburi lolote.

Hapa ndipo naona kiini cha jambo. Tulichokinunua pamoja na ile sahani nyepesi ni ruhusa ya kutogawana kazi. Mizigo ilikuwa miwili: kuosha, na kupanga nani aoshe. Ule wa kwanza tungaliweza kuuondoa kwa wake zetu kwa kuuondoa ule wa pili, yaani kwa kuketi sisi wenyewe juu ya ndoo. Badala yake tumeitwika mitaro na mto Msimbazi, tukajiona tumewahurumia wanawake. Ikiwa sahani hiyo imefanyizwa nchini, tumejiona wazalendo juu yake.

Mnunuzi wetu aliyegeuza mfuko dukani afanye nini basi? Simwambii aache kuuliza. Namwomba aanze swali lake mbali kidogo. Katika mitaa mingi viko vikundi vya kina mama vyenye sufuria, masinia na mamia ya sahani za kukodisha au za kuazimana. Kila sahani ina alama ya rangi au herufi chini yake ili baada ya shughuli irudi kwa mwenyewe. Nyingi ya sahani hizo ni za ng'ambo kwa kuzaliwa, lakini fedha ya kukodi hubaki mtaani, na sahani hurudi kazini wiki ijayo. Hapo kutafuta cha nyumbani kuna maana kubwa kuliko dukani. Ikiwa karamu ni katika nchi ya migomba, jani lipo. Ikiwa maji ya bomba hayatoki, kama yatokeavyo kwetu mara kwa mara, na kuosha hakuwezekani, anunue karatasi isiyo na utando kwa chakula kikavu, na wageni watumie mkono, ambao ndio kijiko pekee kisichohitaji kiwanda. Kisha, katika kile kidogo kilichobaki ambacho hana budi kukinunua na kukitupa, na achague cha kiwanda cha kwetu, maana ikiwa uchafu wake utabaki nchini, hapana sababu mshahara wake uende kwingine.

Kuosha kwawezekana kugawanywa. Katika msiba mmoja Tanga, baada ya hitima, nilikuta ndoo nne zimepangwa uani na vijana wa kiume wameketi, wawili wakisugua, wawili wakisuuza. Ilikuwa amri ya shangazi wa marehemu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu. Mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, alikaa mwishoni mwa safu na kitambaa begani. Kila sahani aliifuta, akaigeuza, akaisogeza karibu na miwani, akasoma herufi zilizo chini yake kwa sauti, kisha akaiweka katika fungu la mwenyewe: za Mama Zuhura huku, za msikiti huku, za chama cha akina mama wa Chumbageni huku. Sahani moja ilikuwa haina alama. Aliishika kwa muda, akauliza kwa zamu kila nyumba, na aliposikia kimya akaiweka kando juu ya dirisha, mpaka mwenyewe aje.